KINACHOVUTWA NACHO KIWE NA BREKI



Wengi wenu mmewaona watu wa mikokoteni mjini, iwe ni Nairobi, Mombasa au soko lililo karibu nanyi. Mtu mmoja huwa mbele, katikati ya mipini, na mzigo wote uko nyuma yake. Mkiangalia chini ya sehemu ya nyuma ya mkokoteni mtaona kipande cha tairi kuukuu kimepigiliwa misumari. Hilo tairi lina kazi yake. Mteremko ukianza, yule mtu huinua mipini juu, nyuma ya mkokoteni inashuka, na tairi linasugua barabara. Hiyo ndiyo breki.

Mtu huyo anajua kwamba hawezi kuzuia mamia ya kilo kwa miguu yake miwili. Kwa hivyo ameupa mkokoteni breki yake wenyewe. Lakini huku kwetu vijijini tunafunga trela ya tani 5 nyuma ya trekta, au tunafunga gari bovu kwa kamba nyuma ya pikapu, na hatuulizi: hiki kitu tunachokivuta kitasimamishwa na nini?

Katika makala hii tutaongea juu ya swali hilo. Linahusu kila kikundi chenye trekta, na kila kikundi kinachokodi trekta ya mtu mwingine kubeba mahindi, miwa, mchanga au maji.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Tulitembelea kikundi kimoja ambacho jina lake hatutalitaja, kwa sababu yaliyowapata yangeweza kumpata yeyote kati yetu. Wanachama walichanga kwa miaka mingi, wakanunua trekta iliyotumika. Walitaka iwalimie mashamba wakati wa kulima, na iwabebee mavuno wakati wa kuvuna. Trela iliundwa na fundi wa juakali kwa ekseli ya lori la zamani. Ilikuwa trela imara, imepakwa rangi vizuri, na kila mtu aliifurahia.

Siku ya ajali ilikuwa imebeba magunia 45 ya mahindi. Wanachama wawili walikuwa wameketi juu ya magunia. Kabla ya kufika darajani kuna mteremko wa murram. Mama mweka hazina, aliyekuwa juu ya mzigo, aliita, "Baba, si twende pole pole hapa?" Dereva akamjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, breki nilizipima asubuhi." Na ni kweli alikuwa amezipima, maana ni mtu mwangalifu.

Katikati ya mteremko alikanyaga breki. Magurudumu ya nyuma ya trekta yakaacha kuzunguka, lakini trekta haikusimama. Iliendelea kuteleza juu ya changarawe kama mtu anayesukumwa mgongoni. Trela ikaenda upande, ikaigeuza trekta, halafu ikalala kwenye mtaro. Hakuna aliyekufa, lakini mama mweka hazina alivunjika mguu, na msimu uliofuata shamba lake lililimwa na majirani.

Tulipofika, kikundi kilikuwa kimegawanyika. Wengine walisema ati dereva alikuwa amelewa. Wengine walisema ameharibu breki kwa kutojali. Kamati ilikuwa imemsimamisha kazi. Halafu akaitwa makanika, akafungua breki za trekta mbele ya wanachama wote. Zilikuwa nzima kabisa. Sasa kosa lilikuwa wapi?

BREKI ZA TREKTA NI ZA TREKTA

Hebu tufanye hesabu pamoja, kama tulivyoifanya na kikundi hicho chini ya mti.

Trekta nyingi za vijijini, zile za nguvu za farasi 60 hadi 75, huwa na uzito wa tani 2 hadi 3. Tuseme yetu ni tani 2 na nusu. Trela tupu tuseme ni tani 1. Gunia moja la mahindi ni kilo 90, kwa hivyo magunia 45 ni kilo 4,050, yaani tani 4 na kidogo. Trela pamoja na mzigo ni tani 5. Ukijumlisha na trekta unapata tani 7 na nusu. Hiyo ni mara tatu ya uzito wa trekta.

Na breki ziko wapi? Katika trekta ya kawaida inayoendeshwa na magurudumu mawili, breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu. Mbele hakuna. Kwenye trela ya kikundi hiki hakukuwa na hata moja. Dramu za lile lori la zamani zilikuwa bado ziko kwenye ekseli, lakini ndani zilikuwa tupu. Vyuma vinavyobana dramu vilikuwa vimetolewa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tuseme trekta peke yake, ikienda kilomita 20 kwa saa, husimama katika mita 6 tangu breki zishike. Ukiifungia mzigo unaofanya uzito wote kuwa mara tatu, na breki ni zile zile, itahitaji mita 18. Ongeza mita 5 na nusu ambazo trekta hupita kwa sekunde moja, kabla mguu wa dereva haujafika kwenye pedali. Jumla ni kama mita 24.

Sasa ongeza mwendo ufike kilomita 40 kwa saa. Mtu anaweza kudhani umbali utakuwa mara mbili, lakini sivyo. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Zile mita 18 zinakuwa mita 72. Ukiongeza mita 11 za ile sekunde moja, unapata mita 83. Mtoto akivuka barabara mita 50 mbele yako, huwezi kusimama kabla ya kumfikia, hata ukikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Na hiyo ni barabara kavu na tambarare. Mambo ya kilima ni mengine.

KILIMA KINAPOINGIA KWENYE HESABU

Chukua mteremko wa moja kwa kumi, yaani ukienda mbele mita 10 umeshuka mita 1. Miteremko kama hii tunayo mingi sana katika barabara zetu za kwenda mtoni. Katika mteremko huo, kila kitu husukumwa kwenda chini kwa nguvu iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Tani 7 na nusu zinasukuma kwa nguvu ya kilo 750.

Na breki? Zile breki zinazosimamisha trekta peke yake katika mita 6 zinazuia kwa nguvu ya kama kilo 650. Toa 650 kutoka kwa 750. Zinabaki kilo 100 zinazosukuma mbele.

Maana yake ni kwamba kwa breki hizo peke yake trekta haitasimama. Dereva anaweza kukanyaga kutoka juu mpaka chini na mwendo utazidi kuongezeka tu. Juu ya changarawe au matope, ambapo tairi halishiki vizuri, hali ni mbaya zaidi. Breki hazikuwa mbovu. Zilikuwa breki za tani 2 na nusu zilizopewa kazi ya tani 7 na nusu.

Tulipomaliza hesabu hii, wanachama walinyamaza kwa muda. Mzee mmoja akasema, "Kumbe hata ningekuwa mimi ningeanguka." Ndivyo ilivyo. Dereva alikuwa na kosa la kuteremka kwa mwendo ule na kubeba watu juu ya mzigo. Lakini kosa kubwa lilikuwa la kikundi chote, kwa sababu walinunua nguvu ya kuvuta na hawakununua nguvu ya kusimamisha.

KWA NINI TRELA HUIGEUZA TREKTA

Trekta na trela zimeungwa kwa pini moja, nayo inakunja kama kiwiko cha mkono. Mkono ukivutwa hunyooka. Ukisukumwa, hukunjika. Wakati wa kupanda kilima trela inavutwa, kwa hivyo iko sawa nyuma ya trekta. Wakati wa kufunga breki trela inasukuma. Ikiwa haikunyooka kabisa, au barabara ina kona, itausukuma mkia wa trekta kando na zote mbili zitakunjika pamoja. Hii hutokea kwa haraka sana, na dereva hana nafasi ya kurekebisha usukani.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wengi wanalipuuza. Trekta ina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kulia na nyingine ya gurudumu la kushoto. Shambani zinasaidia kugeuka pembeni mwa shamba. Barabarani lazima zifungwe pamoja kwa lile komeo lake, ili zishike kwa wakati mmoja. Dereva akikanyaga moja peke yake akiwa na trela nyuma, ameanza mwenyewe kuigeuza trekta. Kabla ya kuingia barabarani, angalieni komeo hilo.

TRELA IPATE BREKI GANI?

Ziko aina nne ambazo kikundi kinaweza kuzipata.

1. Breki ya mkono. Ni mkono wa chuma ulio mbele ya trela, unaovuta waya au fito mpaka kwenye dramu. Inafaa sana kuzuia trela iliyosimama. Lakini dereva aliye juu ya trekta hawezi kuivuta akiwa anaendesha, kwa hivyo haitoshi peke yake.

2. Breki ya kusukumwa. Hii inajifunga yenyewe. Sehemu ya mbele ya trela, pale inaposhikana na trekta, huwa na chuma kinachoteleza ndani ya kingine. Trekta ikipunguza mwendo, trela inaisukuma, kile chuma kinaingia ndani na kuvuta fito ya breki. Trela ikisukuma kwa nguvu, breki nayo inashika kwa nguvu. Ni rahisi, na haihitaji mpira wa mafuta kutoka kwa trekta. Lakini ina tabia moja: ukirudi nyuma, inajifunga pia. Kwa sababu hiyo nyingi zina kizuizi cha kuifungia isifanye kazi wakati wa kurudi nyuma. Madereva huweka hicho kizuizi, halafu wanasahau kukitoa. Trela inakwenda safari nzima bila breki, na kila mtu anaamini ziko.

3. Breki ya mafuta, ambayo inatumia nguvu ya mafuta kutoka kwa trekta. Dereva akikanyaga breki, trela nayo inashika.

4. Breki ya upepo, kama ya malori makubwa. Ni nzuri kwa mizigo mizito sana, lakini trekta lazima iwe na pampu ya upepo.

Kama trela yenu iliundwa kwa ekseli ya lori au gari la zamani, muulizeni fundi kama dramu zinaweza kurudishiwa vyuma vyake vya ndani na kuunganishwa na breki ya kusukumwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua breki. Mtu wa kuchomelea vyuma peke yake hatoshi. Na kama mnaagiza trela mpya, breki ziandikwe kwenye mapatano kabla ya kulipa pesa za kwanza.

Mpaka breki zipatikane, sisi tunashauri hivi: trela isiyo na breki ibebe mzigo ambao pamoja na trela yenyewe hauzidi uzito wa trekta. Kwa mfano wetu, ni magunia 16 tu. Iende mwendo wa mtu anayekimbia pole pole, na isipelekwe kwenye mteremko mkali. Ni afadhali kwenda mara tatu kuliko kwenda mara moja na kutorudi.

JINSI YA KUPIMA

Kupima breki za trela hakuhitaji mashine. Chagueni mahali tambarare.

Kwanza, inueni gurudumu moja kwa jeki, baada ya kuweka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lile lingine. Mtu avute breki, mwingine ajaribu kuzungusha gurudumu kwa mikono. Lisizunguke. Legezeni breki: sasa lizunguke kwa urahisi. Fanyeni vivyo hivyo kwa gurudumu la pili. Kama moja linashika na lingine halishiki, trela itavutwa upande siku ya kufunga breki. Hiyo pia ni hatari, kwa hivyo irekebishwe kabla ya safari.

Pili, fungeni trela kwenye trekta, mvute breki ya mkono, halafu dereva ajaribu kuondoka pole pole kwa gia ndogo. Magurudumu ya trela yaburuzwe bila kuzunguka, au trekta ishindwe kuondoka. Ikiondoka kwa urahisi, breki hiyo ni ya jina tu.

Tatu, trela ikiwa na mzigo mdogo, dereva aende mwendo wa kutembea kisha afunge breki. Walio kando waangalie kama trela inasimama pamoja na trekta au inaisukuma.

PINI, MNYORORO NA UPAKIAJI

Breki zinaweza kuwa nzuri, lakini trela ikatike njiani. Mara nyingi tumeona pini ya kuungia imebadilishwa na kipande cha nondo, na juu yake waya umezungushwa. Nondo hupinda, na waya hulegea. Tumieni pini ya kiasi chake, yenye kizuizi chake cha chini kisichoweza kuruka njiani.

Ongezeni minyororo miwili kutoka kwa trela hadi kwa trekta, ipite chini ya kiungo na ikatane kama alama ya kuzidisha. Pini ikitoka, mbele ya trela itaangukia kwenye minyororo na haitachimba barabara wala kwenda zake. Iachieni nafasi ya kukata kona, lakini isiburute chini.

Fungeni trela mahali pake pa chini nyuma ya trekta. Msifunge juu zaidi, kwa sababu wakati wa kuvuta kwa nguvu trekta inaweza kuinuka mbele na kumlalia dereva.

Kwa trela ya magurudumu mawili, mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Ukiujaza nyuma, trela itainua mkia wa trekta. Kumbukeni breki za trekta ziko nyuma. Gurudumu likiinuliwa halishiki barabara, na breki yake haina kazi. Jaribio ni rahisi: mkiona mbele ya trela inataka kuinuka wakati wa kupakia, simamisheni kazi na mpange upya.

Mkadirie uzito kabla ya kupakia. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 na zaidi. Mchanga mkavu unaojaza sanduku la mita moja kila upande ni kama tani 1 na nusu, na ukilowa na mvua unazidi. Trela iliyojaa mchanga inaweza kuonekana nusu tupu na huku ni nzito kuliko ya mahindi.

Na watu? Wasipande juu ya mzigo, wala wasisimame kwenye kile chuma cha kuvutia. Katika sehemu za miwa watoto hukimbia nyuma ya trela kuvuta miwa. Wazazi na walimu waongee na watoto hao, na dereva akiwaona asimame kwanza.

KUTEREMKA NA MZIGO

Madereva wetu, haya ni yenu.

Chagueni gia kabla ya mteremko, mkiwa bado juu. Gia ambayo mngeitumia kupanda kilima hicho na mzigo, hiyo ndiyo ya kuteremkia. Injini yenyewe itasaidia kuzuia. Mkishaanza kuteremka msijaribu kubadilisha, kwa sababu gia inaweza kukataa kuingia.

Msiteremke na free, ati mnaokoa dizeli. Msikanyage klachi mkiwa kwenye mteremko. Ukikanyaga klachi umeitenga injini na magurudumu, na umeachia breki peke yake kazi ambayo tumeona haiwezi.

Kwenye mteremko mrefu, msiweke mguu juu ya breki wakati wote. Breki zikichemka hupoteza nguvu. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni mahali salama, wekeni mawe kwenye magurudumu, mngoje zipoe zenyewe. Msimwagie maji dramu zilizochemka, maana zinaweza kupasuka.

Mkisimama, hata kwa dakika mbili, vuteni breki ya mkono na mweke mawe au vipande vya mbao. Tanboi ashuke kwanza na jiwe, ndipo dereva ashuke. Mawe hayo yatolewe barabarani mkiondoka, yasije yakamwangusha mwenye pikipiki usiku.

GARI BOVU LINALOVUTWA KWA KAMBA

Hili linaonekana jepesi, na kila mmoja wetu amelifanya. Pikapu ya kikundi imekufa njiani na tunaivuta mpaka gereji. Lakini sheria ni ile ile: kinachovutwa nacho kiwe na breki.

Gari ambalo injini yake imezimwa huwa na breki ngumu. Magari mengi hutumia nguvu ya injini kumsaidia dereva kukanyaga. Injini ikizimwa, msaada huo unaisha baada ya kukanyaga mara chache. Breki bado ziko, lakini pedali inahitaji nguvu nyingi zaidi. Usukani nao unakuwa mzito. Na ufunguo ukitolewa, usukani unaweza kujifunga kabisa. Kwa hivyo anayekaa kwenye gari linalovutwa awe dereva kamili, mwenye nguvu, na ufunguo ukae mahali pake, umefunguliwa. Asiwekwe mtoto "kushika usukani tu".

Kamba inaweza kuvuta, lakini haiwezi kuzuia. Yule wa mbele akifunga breki, wa nyuma ndiye anayepaswa kujisimamisha, na pia kuiweka kamba imenyooka. Gari ambalo breki zake zimekufa lisivutwe kwa kamba hata kidogo. Libebwe juu ya lori, au lifungwe kwa chuma kigumu cha kuvutia, na anayelivuta awe mzito kuliko linalovutwa na aende pole pole sana. Gari la gia za otomatiki lisivutwe magurudumu yake ya kuendesha yakiwa chini, kwa sababu injini ikizima mafuta hayazunguki ndani ya gia, nazo zitaungua.

Msije mkafikiri kwamba hii ni shida ya wenye magari makuukuu tu. Huko Marekani kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani. Nyuma yake hufunga gari dogo la kwenda nalo sokoni wakishaegesha lile kubwa. Gari kubwa lina breki zenye nguvu, na mtu huona kwamba zinatosha. Hata hivyo hesabu ni ile ile: gari dogo lina uzito wake, na linasukuma. Kwa hivyo huweka kifaa ndani ya gari dogo kinachokanyaga breki yake wakati lile kubwa linapofunga. Huweka pia waya ambao, kiungo kikikatika, unazifunga breki za gari dogo lisikimbie peke yake. Ni wazo lile lile la mtu wa mkokoteni na kipande chake cha tairi.

KAZI YA KAMATI

Dereva peke yake hawezi kubeba jambo hili. Kamati iandike katika kitabu cha mikutano magunia ambayo trela itabeba, na mtu asimlazimishe dereva kuzidisha. Tumeona mara nyingi dereva akikataa, halafu mwenye mzigo anamwambia, "Kwani trekta ni ya baba yako?" Neno la kamati likiwa limeandikwa, dereva ana mahali pa kusimama.

Pesa za breki zitengwe kutoka kwa malipo ya kila safari, kama mnavyotenga za dizeli. Trela inayotembea barabarani iandikishwe na iwe na namba yake yenyewe, ile inayoanza na herufi Z. Iwe na vioo vyekundu vya kung'aa nyuma. Bima ya watu wengine ni lazima kwa sheria, Sura ya 405. Muulizeni mwenye bima, tena kwa barua: je, trela imo ndani ya bima hii? Jibu lake liwekwe kwenye faili.

Mnapokodi trekta ya mtu, ulizeni kuhusu breki za trela kabla ya kuuliza bei. Mkiambiwa "hakuna shida", ombeni kuonyeshwa.

Kile kikundi tulichokitembelea kilifanya mkutano mwingine. Mama mweka hazina alikuja na magongo yake. Yeye ndiye aliyesema kwanza kwamba dereva arudishiwe kazi yake na aombwe msamaha kwa kusingiziwa ulevi. Dereva naye alikubali kwamba hatabeba mtu juu ya mzigo tena. Walipotengeneza trela, waliweka breki ya kusukumwa na minyororo miwili. Magunia yao sasa ni 30, hata mahindi yakiwa mengi namna gani, na kabla ya ule mteremko wa darajani dereva husimama juu kabisa na kuingiza gia ya kupandia.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Trela tunayotumia ina breki? Nani amewahi kuziona zikifanya kazi?

2. Trekta yetu ina uzito gani? Trela ikijaa ina uzito gani? Fanyeni hesabu pamoja.

3. Ni mteremko gani mkali zaidi katika njia zetu? Pimeni kwa kamba ya mita 10.

4. Pini, minyororo na komeo la pedali viko katika hali gani leo?

5. Nani katika kikundi ana haki ya kusema "mzigo huu umezidi", na je, tutamsikiliza?